Iligunduliwa na Nani? Wikendi Moja Kati ya Iringa na Mbeya

Makomredi, mnaijua ile hali ya kurudishiwa kazi uliyoifanya usiku kucha, unafungua ukurasa wa kwanza na macho yanakutana na wino mwekundu. Yangu ilirudi na duara moja tu. Nilikuwa nimeandika kuhusu maeneo ya kale ya Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, na katika sentensi ya tatu nilisema kwamba Isimila "iligunduliwa mwaka 1951". Mhadhiri akalizungushia neno hilo, akaandika pembeni maswali mawili: "Na nani? Kwa nani?" Hakunipunguzia hata alama moja. Afadhali angepunguza, ningekuwa na la kulalamikia.

Nilikuwa Iringa kwa muhula mmoja katika mpango wa kubadilishana wanafunzi, nikisoma historia na jiografia kama ninavyosoma hapa nyumbani. Ukitoka Nairobi kwa basi unapita Namanga, Arusha na Dodoma, unateremka hadi bwawa la Mtera, halafu unaanza kupanda. Iringa imekaa juu ya ukingo, Mto Ruaha Mdogo unapita chini yake, na baridi ya Julai haina adabu. Wenyeji wanakusalimu "Kamwene", na usipojibu wanajua umetoka mbali. Kiswahili changu pia kiliniumbua wiki ya kwanza. Niliingia mgahawani nikasema "nipe chai", mama mhudumu akaniangalia kama nimemtukana, mwenzangu akanisahihisha chinichini: "Sema naomba, kaka." Kwetu "nipe" ni neno la kawaida. Kule ni amri.

Nililibeba lile duara jekundu kichwani kwa wiki kadhaa. Sisi tulifundishwa shule ya msingi kwamba Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848 na Krapf akauona Mlima Kenya mwaka 1849. Krapf alikuwa Kitui wakati huo, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ilikuwa ikiujua mlima huo siku zote. Hilo nalo tulifundishwa, lakini Kivoi hakuwa swali la mtihani. Kwa hiyo hoja ya mhadhiri haikuwa ngeni kwangu. Niliielewa kabisa, nikaikubali, na bado sikuifuata siku ilipokuwa na maana. Ndiyo sababu ninaandika makala haya.

Mwaka huo Nane Nane, sikukuu ya wakulima, iliangukia Ijumaa. Siku tatu bila kazi! Tulikuwa wanne. Kulikuwa na CR, mwakilishi wa darasa, Mhehe wa Kilolo anayetembea kwa mwendo wa askari. Kulikuwa na dada mmoja wa Tukuyu tuliyemwita Mwalimu kwa kuwa alikuwa katikati ya mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja ya Iringa. Kulikuwa na Mzenji, kijana wa Unguja aliyevaa masweta matatu tangu Juni. Na mimi, Mkenya. Bumu lilikuwa limetoka (ndivyo wanavyoita mkopo wa wanafunzi, kama sisi na Helb), na mimi nilikuwa na akiba kidogo. Mpango ulikuwa hivi: Ijumaa tuione Iringa, usiku tulale Mbeya, Jumamosi tupande Ngozi, Jumapili tupande Kilele cha Mbeya. Huo wa mwisho una zaidi ya mita 2,800 na unaonekana kutoka mjini kila asubuhi, na mimi nilikuwa nimeshawaambia watu nyumbani kwamba nitapiga picha juu yake.

Alfajiri ya Ijumaa tulipanda Gangilonga, jiwe kubwa lililo juu ya mji. Jina ni la Kihehe, maana yake jiwe linalozungumza. Inasimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akija hapo kutafakari. Ukiwa pale mji wote uko miguuni pako, mabati yanang'aa, moshi wa kuni umelala bondeni. CR, ambaye darasani huwa haongei ila kuhusu tarehe za majaribio, alitusimulia kwa nusu saa bila kupumua: jinsi Wahehe walivyokiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski pale Lugalo mwezi Agosti 1891, jinsi ngome ya Kalenga ilivyovunjwa mwaka 1894, jinsi Mkwawa alivyowindwa miaka minne hadi akajipiga risasi mwaka 1898 ili wasimpate hai. Walichukua kichwa. Fuvu lake likatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kwamba Ujerumani ilirudishe, na bado lilikaa huko hadi 1954 ndipo likarejea Kalenga. Miaka thelathini na mitano, na agizo liko kwenye karatasi! "Na Wahehe walijua muda wote kwamba halipo," CR akasema. Mzenji akauliza kama tunaweza kwenda kwenye jua.

Isimila iko kama kilomita ishirini kutoka mjini, pembeni ya barabara ya Mbeya. Tulishushwa na daladala barabarani, tukatembea. Kuna jumba dogo la makumbusho, halafu unateremka korongoni. Humo mmejaa mawe yaliyochongwa: mashoka ya mkono yenye umbo la tone la maji, mengine makubwa kuliko kiganja changu mara mbili. Waliyoyachonga waliishi kando ya ziwa dogo ambalo limekauka zamani sana, na vipimo vilivyofanywa vimetoa umri wa takriban miaka 260,000. Pamoja na mawe ilipatikana mifupa ya wanyama, ukiwemo ya kiboko wa aina iliyotoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa. Mbele zaidi kuna nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ndefu kama majengo ya ghorofa, na juu ya baadhi yake limebaki tabaka gumu kama kofia. Wengi wanazijua nguzo hizo kwa picha za harusi. Lakini kwa mwanafunzi wa jiografia zile ni somo la mmomonyoko lisilohitaji ubao: tabaka gumu juu hulinda laini lililo chini yake, hadi siku kofia inapodondoka.

Nilimuuliza mzee aliyetuongoza swali la mhadhiri. Alijibu kwamba aliyeyapeleka mawe yale kwa wataalamu mwaka 1951 alikuwa mwanafunzi wa shule kutoka Afrika Kusini, aliyekuwa akipita safarini. Wachimbaji walikuja baadaye, 1957 na 1958. "Na watu wa hapa?" nikauliza. "Watoto walichunga humu," akasema. "Mawe wameyakanyaga tangu zamani."

Hapo nilisimama kidogo, kwa sababu jibu halikuwa rahisi kama nilivyotaka. Yule mwanafunzi wa 1951 alifanya jambo: aliokota jiwe akajua ni kazi ya mkono wa mtu, akalipeleka kwa anayeweza kulisoma. Wachungaji waliliona kila siku. Kuona ni kitu kimoja, kutambua ni kingine, kutangaza ni cha tatu, na Kiswahili chetu kinavitia vyote katika kikapu kimoja cha "gundua". Halafu tunaweka kauli ya kutendwa, "iligunduliwa", na mtendaji anatoweka kabisa. Nilifurahi kwa wazo hilo. Niliandika kwenye daftari, nikaona nimeshamjibu mhadhiri, na safari imelipa.

Barabarani tulisimamisha basi. Lilikuwa limejaa watu wanaokwenda maonyesho ya Nane Nane Mbeya, tukasimama hadi Mafinga. Baada ya hapo ni misonobari ya Sao Hill, saa nzima ya misonobari, kisha Makambako ambako reli ya TAZARA inakutana na barabara kuu, kisha giza. Tulifika Mbeya saa tatu usiku tukiwa na njaa, tukala chipsi mayai, tukalala wanne katika vyumba viwili vya gesti karibu na stendi. Mwalimu alisema tuamke saa kumi na mbili. Tuliamka saa mbili na nusu.

Nisimulie Ngozi polepole, maana hapo ndipo pana jambo.

Njiani kutoka Uyole kwenda Tukuyu mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa gari zima. Niliwaeleza kwamba Mbeya ni mahali pa pekee: matawi matatu ya Bonde la Ufa yanakutana hapa, moja linatoka upande wa Ziwa Rukwa, moja linateremka kuelekea Ziwa Nyasa, na la tatu linaenda kaskazini mashariki kupitia Usangu. Pale ardhi inapopasuka pande tatu, moto hupata njia ya kupanda. Ndiyo maana kuna Rungwe, mita 2,960 hivi, na Kyejo, ambao ulitoa lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800. Hata sasa ardhi inapumua: gesi ya ukaa hutoka chini huko Rungwe, huvunwa, na ndiyo inayotiwa kwenye soda. Mzenji aliitazama soda yake kwa heshima. Ngozi yenyewe, niliendelea, ni kaldera. Mlima ulilipuka, kisha kilele kikaporomokea ndani, na shimo likajaa maji. Ukingo uko juu ya mita 2,600. Ziwa lina urefu wa kilomita 2.5 hivi na halina mto unaotoka. Yote hayo ni kweli, na yote niliyasoma kwenye simu usiku uliopita.

Tulishuka Isongole, tukachukua bodaboda kupita mashamba ya viazi hadi mwisho wa njia ya magari. Pale palikuwa na kijana amekaa juu ya gogo, mwenye buti za mpira na panga. Alitusalimia vizuri, akasema yeye huongoza wageni, bei ni shilingi 10,000 kwa kundi. Kwa pesa zetu ni kama mia tano. Wanne tukigawana ni kama mia na ishirini na tano kila mmoja, yaani chai na maandazi.

Mwalimu akasema tumchukue. Mimi nikamwambia, "Si wewe ni mwenyeji? Tunalipa kiongozi wa nini?" Akanijibu: "Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Huku juu ni kwa Wasafwa. Mimi msitu huu siujui." Nikacheka. Nikatoa simu, nikamwonyesha ramani, njia imechorwa kijani kuanzia tuliposimama hadi majini. CR akainua mabega. Mzenji alitaka tu tuanze kutembea apate joto.

Hatua chache mbele mama mmoja alikuwa amepanga viazi kwenye ndoo. Tulimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba wanangu." Akatazama juu. "Leo mlima umejifunika," akasema. "Fikeni ukingoni mrudi. Msishuke majini. Na saa tisa muwe mmeshatoka." Tukasema asante mama. Ilikuwa saa tano na nusu.

Njia ya kwenda ukingoni inapita ndani ya msitu mnene, migomba pori, mianzi, miti yenye ndevu za kuvu. Si ndefu, lakini sehemu ya mwisho inakutoa jasho. Agosti ni kiangazi sehemu nyingi za Tanzania, ila Uporoto na Rungwe hupata manyunyu hata wakati huo, na udongo wa majivu ya volkano ukilowa unakuwa kama sabuni. Tulifika ukingoni karibu saa nane. Mbele yetu palikuwa ukuta mweupe. Hakuna ziwa. Tulikaa tukala viazi vya kuchemsha, tukasikilizana meno. Mwalimu akasema, haya, tumefika, turudi.

Wakati huohuo ukungu ukafunguka. Kama dakika moja tu, labda mbili. Chini sana, katikati ya kuta za kijani zilizosimama wima, maji yakatokea, rangi kati ya buluu na kijani, yametulia kabisa. Sijaona kitu kama hicho. Ukafunga tena.

Mimi ndiye niliyesema tushuke. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu katika simulizi nyingi za safari makosa hufanywa na "sisi". Nilisema njia ipo kwenye ramani, nilisema ni nusu saa tu, nilisema sikutoka Nairobi kuja kuangalia wingu. Mwalimu alinyamaza. Nilichukulia ukimya wake kuwa ni kukubali.

Ramani ya simu inaonyesha njia inakopita. Haionyeshi kwamba njia yenyewe ni mizizi. Unashuka kinyumenyume ukishika matawi. Ilituchukua zaidi ya saa moja. Tulifika majini, tukanawa uso, tukapiga picha nne ambazo hazionyeshi kitu. Tukaanza kupanda. Hatujafika nusu, Mwalimu alikanyaga mzizi ulioloa, mguu ukaingia kati ya mawe mawili, mwili ukaenda upande mwingine. Nilisikia sauti. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Jamani," mara moja, kwa sauti ndogo.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Kifundo kilivimba tukikiangalia. Tulijaribu kumbeba mgongoni, CR kwanza, halafu mimi, lakini kwenye mteremko ule unahitaji mikono yote miwili kwa ajili yako mwenyewe. Tulisogea labda mita hamsini kwa saa nzima. Simu yangu ikazima kwa baridi, ya Mzenji haikuwa na mtandao. Nilijua kwa hesabu ya darasani kwamba joto hupungua kama nyuzi sita kila unapopanda mita elfu moja, na kwamba mtu aliyelowa hupoteza joto haraka kuliko mkavu. Kujua hivyo hakukunisaidia hata kidogo. Mzenji alivua masweta mawili akamvisha Mwalimu, akabaki na moja, akitetemeka, na tangu siku ile sijamtania tena kuhusu nguo. Saa kumi na mbili na nusu hatukuonana nyuso. Tuliimba ili tusinyamaze. CR alijaribu kufanya hesabu ya watu, "moja, mbili, tatu, nne", kila baada ya dakika chache, kama vile mmoja wetu angeweza kutoweka.

Kabla ya saa mbili tulisikia mluzi. Halafu sauti, mbali, ikiita kwa kuvuta. Tukajibu wote kwa pamoja. Alikuwa yule kijana wa buti za mpira na mwenzake, wana tochi mbili, kamba na panga. Hawakutuuliza maswali. Walikata miti miwili, wakafunga kitenge, wakamlaza, na walipanda wakipokezana kama watu wanaopeleka mzigo sokoni. Sisi tulifuata mwanga. Nilipomuuliza alijuaje tulipo, alisema wanaoshuka bila kiongozi hukwama palepale wakati wa kupanda, kwa sababu njia ya kweli inakata kushoto na macho ya mgeni humpeleka kulia. Na alijuaje kwamba hatujatoka? Mama wa viazi ndiye aliyemtuma. Alikuwa ametuhesabu. Wanne wameingia, jioni imefika, hakuna aliyetoka.

Tulitoka msituni karibu saa nne. Mama alikuwa amekaa jikoni na chai ya tangawizi imechemka. Nilimpa kijana elfu arobaini, akachukua ishirini, akampa mwenzake nusu. Sikuwa na la kusema, nikasema "samahani", akasema "poleni", na kwa Kiswahili hayo mawili yanatosheleza mazungumzo.

Kaka yake Mwalimu alikuja na gari kutoka Tukuyu. Hospitalini usiku ule walisema mfupa una ufa, wakamfunga plasta, wiki sita. Mzenji akaninong'oneza, "Ulisema nyufa ni tatu zinakutana hapa. Sasa ni nne." Nilicheka, na mara nikaona aibu ya kucheka, lakini Mwalimu alikuwa amesikia na yeye pia alikuwa anacheka, huku machozi yanamtoka.

Jumapili hatukupanda Kilele cha Mbeya. Tulikaa kwao. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa na mama yake, nilikuwa hata nimepanga maneno. Hakunigombeza. Alisema "Ugonile," akanionyesha maji ya kuoga, akatuletea ndizi za kupika na maparachichi makubwa kama vichwa vya watoto. Kila aliponiongezea chakula nilizidi kuwa mdogo. Nilisema "Ndaga fijo, mama," ndilo neno la shukrani nililofundishwa njiani, akatabasamu kwa jinsi nilivyolitamka.

Mchana babu yake alikuja kumpa pole mjukuu. Ni mzee mrefu, anatembea na fimbo, na alipoambiwa nasoma historia alikaa karibu nami. Tukazungumza habari za mlima, na akanitajia kipunji. Hadithi hii niliijua nusu. Naiweka hapa kama inavyojulikana. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama waliokuwa wakifanya kazi Nyanda za Juu Kusini walisikia kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu tumbili mwenye haya, anayekaa juu sana mitini. Baadhi ya watafiti walidhani labda ni mnyama wa hadithi tu, kwa kuwa wawindaji huwa na wanyama wa kweli na wa masimulizi pia. Wakaendelea kufuatilia, wakamwona kwenye msitu wa Rungwe. Mwaka 2004 kundi lingine la watafiti, bila kujua habari za hawa wa kwanza, likamwona tumbili huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, kilomita zipatazo 350 kutoka hapo. Alitangazwa duniani 2005. Mwaka uliofuata wakamweka kwenye jenasi yake mwenyewe. Kwa tumbili wa Afrika, jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu 1923. Jina la kisayansi likabeba Rungwe ndani yake, na kipunji akabaki kipunji.

"Ndundulu iko Kilolo," CR akadakia. "Ni kwetu huko. Kwa hiyo nusu ya kipunji ni Mhehe." Babu akamwangalia juu hadi chini. "Jina lake ni la Kinyakyusa," akasema. Wakabishana saa nzima, CR kwa heshima, babu bila heshima yoyote.

Mimi nilikuwa nafikiria jambo lingine. Watafiti wale walikuwa na darubini, kamera na shahada. Kilichowafikisha kwa kipunji ni kwamba mtu alisema kitu wasichokijua, na badala ya kumcheka wakaenda kuangalia. Mimi juzi yake nilikuwa na ramani, na watu watatu waliniambia jambo lilelile kwa nyakati tofauti: kijana kwenye gogo, mama wa viazi, na Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa na ujasiri wa kusema "siujui" kuhusu msitu ulio kilomita chache kutoka kwao. Ijumaa Isimila niliandika daftarini aya nzuri kuhusu wenyeji wasioulizwa. Saa ishirini na nne baadaye nikiwa na wenyeji mbele yangu, wanajitolea kuulizwa, niliwapita.

Kama unapanga kwenda, na nakushauri uende, basi yangu ni machache. Anza saa moja asubuhi, si saa tano. Viatu viwe vya kushika, raba za mjini ziache. Beba koti la mvua hata kama ni kiangazi, tochi hata kama unarudi mchana, na nguo moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Muda wa kugeuka uamuliwe chini, kabla hujaona chochote kizuri, kwa sababu ukishaliona ziwa huna akili tena. Na kiongozi mlipe. Anajua zamu ya kushoto, ambayo ndiyo gharama yote.

Jumatatu tuliondoka Tukuyu na kumwacha Mwalimu kitandani. Jumanne wahadhiri walikuja kwenye shule yake Iringa kumkagua akifundisha. Hawakumkuta. Ukaguzi wake ulifanyika baadaye, akiwa na magongo, mbele ya kidato cha pili waliomsaidia kuandika ubaoni, na alipata alama nzuri. Lakini matokeo yalikuwa yameshafungwa, na yake yakatoka yakiwa hayajakamilika. Wenzake walipokuwa wakipokea bumu la muhula mpya, yeye alikuwa akizunguka ofisi hadi ofisi na barua ya hospitali. Nilimsindikiza kwenye ofisi tatu kati ya hizo. Katika moja karani aliuliza ilikuwaje akavunjika, na kabla hajajibu nikasema ni mimi. Karani akasema hajauliza nani, ameuliza ilikuwaje.

Ile kazi ya Isimila niliiandika upya kabla ya kurudi Kenya, ingawa hakuna aliyenidai. Sentensi ya tatu sasa ina mistari minne, mbaya kidogo kwa mtindo, ina wachungaji ndani yake, ina mwanafunzi wa 1951 na wachimbaji waliomfuata. Mhadhiri aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaweka alama ndogo ya vema, akarudisha.

Juma lililopita Mwalimu alinitumia ujumbe. Mguu umepona, matokeo yamekamilika, na Desemba wanapanda Kilele cha Mbeya, yeye, CR na Mzenji. Ameshampigia simu yule kijana wa Ngozi, ambaye ana binamu anayeongoza watu upande ule. Binamu ameuliza mambo mawili: ni watu wangapi, na je, yule Mkenya anakuja?